Mwewe mchana, kicheche usiku: Namna familia inavyoweza kuokoa kuku wake wa kienyeji

Wahenga walisema kuku wa maskini hatagi; akitaga haangui; na akiangua, vifaranga huchukuliwa na mwewe. Ni methali ya mtu aliyekwisha kukata tamaa, na kwa familia nyingi zinazofuga kuku wa kienyeji wanaojitafutia chakula shambani, ni kama habari ya kila mwaka. Mtetea anaatamia siku 21, anatoka na vifaranga 10, watoto wanashangilia. Wiki ya kwanza wamebaki wanane. Ya pili, watano. Wakianza kuota manyoya ya mabawa, wamebaki wawili au watatu.

Mazungumzo ya nyumbani kuhusu jambo hilo huwa mafupi. "Mwewe kachukua." Basi, imetoka hiyo. Mtetea anaachwa aendelee na waliobaki, na mwakani hadithi inarudiwa.

Kuku hao si mapambo ya uani. Kwa akina mama wengi vijijini, ndiyo benki iliyo karibu kuliko zote: daftari na kalamu, sare iliyochanika katikati ya muhula, nauli ya kumpeleka mtoto zahanati usiku, kitoweo cha mgeni aliyefika bila taarifa. Kuku wa Singida na Dodoma husafirishwa kwa mamia hadi masoko ya Dar es Salaam, na wengi wao wametoka katika nyumba za kawaida zenye mitetea mitatu, minne.

Jambo ambalo wazazi wengi hawajaliangalia kwa makini ni kwamba upotevu huu una umri wake na una saa zake. Vifaranga huliwa zaidi mchana, katika wiki nane za mwanzo. Kuku wakubwa huliwa zaidi usiku. Familia inayoziba mianya hiyo miwili inaweza kuendelea kuwaachia kuku wake watembee shambani kama kawaida, bila kujenga banda la gharama kubwa.

Hesabu iliyojificha

Tuchukue mfano. Nyumba ina mitetea minne, kila mmoja anaangua mara tatu kwa mwaka, vifaranga 10 kila mara. Hao ni vifaranga 120. Ikiwa katika kila 10 wanakua watatu tu, mwisho wa mwaka kuna kuku 36. Wakikua saba, kuna kuku 84. Tofauti ni kuku 48. Ukimpigia kuku mmoja Sh15,000, hiyo ni Sh720,000 iliyoishia kwenye makucha ya mwewe na meno ya kicheche.

Toa humo gharama ya chakula na chanjo, bado kinachobaki ni fedha ambayo mzazi mwenye watoto wawili shuleni anajua mahali pa kuiweka. Na hapo hatujagusa mayai ambayo watoto wenyewe wangekula.

Soma alama kabla ya kumlaumu mtu

Kuku akipotea, kosa la kwanza ni kumtafuta wa kumlaumu: mtoto aliyekuwa anacheza, jirani, mbwa wa jirani. Anza kwa kuangalia alama, kwa sababu kila mlaji ana tabia yake.

Kifaranga akipotea mchana bila damu wala manyoya, huku mtetea akilia na wengine wakiwa wamejificha chini ya majani, huyo ni ndege. Mwewe na kipanga hukaa juu ya mti mkavu au nguzo, huangalia, kisha hushuka mara moja na kuondoka na mzigo. Mijini na maeneo ya pwani yupo pia kunguru mwenye shingo ya kijivu, yule wa asili ya India aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 na baadaye kuenea pwani yote. Huyu huiba mayai na vifaranga wadogo, na mara nyingi hawaji mmoja.

Ukikuta asubuhi kuku kadhaa wamekufa bandani, wameng'atwa shingo au kichwa na hawakuliwa nyama nyingi, mshukiwa ni mnyama mdogo wa usiku. Kicheche, mwenye milia myeupe na myeusi na harufu kali, hupita kwenye tundu usilolidhania. Kanu, mwenye madoadoa na mkia mrefu wenye pete, ni hodari wa kupanda miti, kwa hiyo kuku wanaolala juu ya mwembe hawajasalimika. Wanyama wa namna hii wakiingia mahali ambapo kuku hawana pa kukimbilia, wanaweza kuua wengi kuliko wanaoweza kula.

Nguchiro wengi hutembea mchana, wakati mwingine kwa makundi, na hupenda mayai pamoja na vifaranga. Kenge naye huja mchana, hasa karibu na mito na mabwawa. Mayai yakitoweka mazima bila hata ganda, fikiria nyoka au mkono wa binadamu. Vifaranga wakipungua usiku ndani ya banda lililofungwa vizuri, tafuta shimo la panya pembeni mwa ukuta.

Katika maeneo yenye unyevu, kama miteremko ya Kilimanjaro na mkoani Kagera, kuna adui mwingine asiyekuwa na makucha: siafu. Kundi la siafu likiingia bandani usiku, mtetea anayeatamia hawezi kukimbia kwa sababu hataki kuacha mayai yake. Wafugaji huzungushia banda majivu, na wengine husimamisha miguu ya banda ndani ya makopo yenye oili chafu.

Alama nyingine ni ya ugonjwa. Kuku wakifa wengi kwa siku chache, wakiwa wamezubaa, wanaharisha kijani au wamepinda shingo, usimsingizie kicheche. Hicho kinaweza kuwa kideri, na dawa yake ni kinga. Chanjo ya tone moja jichoni, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu, inapatikana kwa maofisa mifugo na maduka ya dawa za mifugo. Hakuna faida ya kumlinda kuku dhidi ya mwewe kisha kumwacha afe kwa kideri.

Wiki nane za kufungiwa

Kifaranga wa kienyeji ana mbio, lakini wiki za mwanzo hawezi kumshinda ndege anayetoka juu. Kinga yake ni tenga. Si lazima ununue. Tenga la mianzi, fito au makuti lililofumwa kwa matundu madogo linatosha kumfunika mtetea na vifaranga wake uani. Likilaliwa na jiwe juu, mbwa na kunguru hawaligeuzi.

Wiki mbili za kwanza wakae humo mchana kutwa, sehemu moja penye jua la asubuhi na nyingine penye kivuli, na usiku wahamishiwe ndani ya banda. Kuanzia wiki ya tatu wanaweza kutoka saa moja au mbili mtu akiwa karibu. Muda uongezwe taratibu hadi wiki ya nane, ambapo wamekua kiasi cha kukimbia na mwewe hawaoni tena kama tonge rahisi.

Sababu inayowafanya wengi kuwaachia mapema ni chakula. Kifaranga aliyefungiwa hawezi kujichakulia, na debe la mahindi lina kazi nyingine. Hapo ndipo familia inapotakiwa kuwa na ujanja: chenga za mahindi na pumba, dagaa kidogo waliosagwa, majani ya mchicha yaliyokatwakatwa, na mchwa. Mchwa wanategwa kwa chungu kilichojazwa mabua makavu na samadi yenye unyevu, kikageuzwa juu ya tundu la mchwa jioni na kufunuliwa asubuhi. Maji yawekwe kwenye sahani yenye kina kifupi, yenye vijiwe ndani, ili kifaranga asizame.

Njia nyingine ya kupunguza kazi ni kuatamisha mitetea miwili au mitatu siku moja. Kusanya mayai kila siku na kuyahifadhi mahali penye ubaridi, ncha iliyochongoka ikiangalia chini, yasipite wiki mbili. Mitetea ikiwa tayari kulala, wape mayai kwa pamoja. Vifaranga wakitoka siku moja, mtetea mmoja anaweza kulea wengi na wenzake wakarudi kutaga. Badala ya kulinda makundi matatu ya umri tofauti kwa miezi sita, mnalinda kundi moja kwa miezi miwili.

Wapo wanaopaka vifaranga rangi ya zambarau au kijani ili kumchanganya mwewe. Anayetaka apake, lakini rangi haimzuii nguchiro wala kenge. Isichukue nafasi ya tenga.

Uani pawe na pa kujificha

Uani uliofagiliwa ukawa mweupe kuanzia mlangoni hadi barabarani unapendeza machoni, lakini kwa kifaranga ni uwanja wa kifo. Hana pa kukimbilia mtetea anapotoa sauti ya hatari. Acha migomba, shamba dogo la mihogo, au kichaka cha mchaichai karibu na mahali wanapokula. Hata meza ya fito iliyoezekwa makuti, kimo cha goti, inawatosha kuingia chini yake.

Mbali na hapo, fanya kinyume. Nyasi ndefu na marundo ya matofali yaliyogusana na banda ni maficho ya nyoka, panya na kicheche. Safisha mita kadhaa kuzunguka banda. Usitupe utumbo wa samaki wala mabaki ya nyama karibu na kuku, maana hayo ndiyo yanayowaita kunguru na mwewe kwanza, na wakifika wanaona vifaranga.

Jogoo mzuri na kanga wachache pia ni walinzi. Wote hupiga kelele wakiona hatari, na mtu wa nyumbani akizoea sauti hizo hutoka mapema.

Saa kumi na mbili jioni

Kuku hujirejesha wenyewe giza linapoanza. Wanachohitaji ni mtu wa kuwahesabu na kufunga mlango. Siku moja ya kusahau inatosha kumaliza kazi ya mwaka.

Banda la usiku si lazima liwe kubwa. Kuku watano au sita wakubwa wanatosha katika mita moja ya mraba. Likiinuliwa kama mita moja kutoka chini, huingiza hewa, hupunguza unyevu, na huwapa shida wanaotambaa. Funga kipande cha bati kuzunguka kila mguu wa banda ili panya na nyoka wateleze. Mahali pa hewa paweke wavu wa waya wenye matundu ya nusu inchi. Wavu wa matundu makubwa humzuia kuku kutoka, lakini haumzuii kicheche kuingia.

Mlango uwe na komeo linalobana. Pitisha mkono wako kuzunguka banda zima ukitafuta upenyo. Palipo na mwanya wa kupitisha ngumi ya mtoto, mnyama mdogo anapita. Na kama kijijini kwenu wezi ni tatizo, kufuli ni sehemu ya banda.

Kuku wasilale na watoto

Hofu ya kicheche na mwizi imezifanya familia nyingi kuingiza kuku jikoni au hata chumbani usiku. Inaeleweka, lakini gharama yake huiona mama siku mtoto anapoharisha. Mtoto anayetambaa huokota kila kitu na kupeleka mdomoni, na kinyesi cha kuku hubeba vimelea vinavyosababisha kuhara. Viroboto na utitiri nao hawachagui kati ya kuku na godoro.

Suluhisho la kati ni kujenga banda likiegemea ukuta wa nje wa jiko au chumba cha wazazi. Mtasikia kuku wakipiga kelele, lakini hamtavuta hewa moja nao. Na kila mtoto aliyeshika kuku au mayai anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Mtoto si mlinzi wa usiku

Kuku hulelewa na familia nzima, na watoto wana nafasi yao. Mtoto wa miaka sita anaweza kuhesabu kuku jioni. Wa miaka 10 anaweza kubadilisha maji na kuandika kwenye daftari: tarehe ya kuangua, idadi, siku aliyepotea, saa ngapi, alama gani zilionekana. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litawaonyesha adui yenu anakuja saa ngapi, na mtoto atakuwa amefanya hesabu zenye maana kuliko za ubaoni.

Lakini kuna kazi ambazo si zake. Asitumwe gizani kuangalia kuku wanaopiga kelele. Asiingize mkono kwenye kiota chenye giza, ndani ya kikapu au nyuma ya mtungi, kutafuta yai. Nyoka hufuata mayai na panya, na hujikunja humo humo. Mtoto apewe tochi, aangalie kwanza, atumie kijiti, na avae viatu.

Asimkimbize nguchiro, mbweha wala paka asiyemfahamu akiwa na fimbo. Mnyama wa porini anayesogea nyumbani mchana bila woga anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakitibiki. Chanjo hufanya kazi kabla ya hapo.

Wala asikose shule kwa ajili ya kulinda vifaranga. Tenga la fito lifanye kazi hiyo.

Sumu huingia jikoni

Hasira ya kupoteza kuku watano kwa usiku mmoja inaweza kumfanya baba mwenye busara achukue dawa ya kuua wadudu wa shambani, aipake kwenye nyama na kuitega. Usiku huo anaweza kufa kicheche. Anaweza pia kufa mbwa wa nyumbani, paka anayewinda panya, na kuku anayedonoa kilichobaki. Na mtoto wa miaka miwili hajui tofauti kati ya chambo na mnofu.

Kutumia sumu dhidi ya wanyamapori pia ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Zaidi ya sheria, kuna hesabu ya kawaida: kicheche, kanu na nguchiro hula panya, na baadhi yao huua nyoka. Ukiwamaliza, panya watakuja kwenye ghala na kwenye vifaranga vilevile. Ziba tundu, na mnyama atakwenda kutafuta panya porini.

Kuku wa mtoto anapochukuliwa

Katika nyumba nyingi mtoto hupewa kuku wake. Humpa jina, humtenga na wengine, huhesabu mayai yake. Siku mwewe au kicheche anapompata huyo, mtoto hulia kilio ambacho watu wazima hukicheka kwa sababu "ni kuku tu".

Usimcheke, na usimdanganye kwamba kuku amekwenda kutembea. Mwambie ukweli kwa maneno mafupi: mnyama alikuwa na njaa, banda lilikuwa na tundu, kuku amekufa. Kisha mwende pamoja kutafuta tundu hilo na kuliziba. Mtoto aliyeshiriki kuziba hujifunza kwamba huzuni ina kazi ya kufanya.

Kama alisahau kufunga mlango, atakuwa anajua tayari. Kipigo hakimrudishi kuku, kinamfundisha kuficha. Mtoto anayeogopa kupigwa hatasema kwamba jana aliona kinyesi cha mnyama nyuma ya banda, wala kwamba komeo limelegea tangu Jumatatu. Badala ya "Ulikuwa wapi?", jaribu "Uliona alitokea upande gani?" Swali la pili linaleta habari.

Na ukishampa mtoto kuku, mheshimu. Mgeni akifika na huyo ndiye aliye karibu na kisu, muulize mwenyewe kwanza, umlipe mwingine. Atakayemlinda kwa moyo ni yule anayejua kwamba ni wake kweli.

Pa kuanzia

Usisubiri fedha za banda kubwa. Wiki hii wahesabuni kuku wote jioni, wakubwa kwa wadogo, na muandike idadi. Mwisho wa wiki zungukeni banda mkiwa na misumari, vipande vya bati na waya, mzibe kila upenyo. Mtetea atakayefuata kuangua, wawekeeni vifaranga wake tenga kabla hawajatoka kwenye mayai, si baada ya wawili kuchukuliwa.

Msimpoteze mtoto katika hesabu za kuku: kazi ya usiku ni ya mtu mzima mwenye tochi. Na kila jioni, kabla ya kuketi kula, mmoja aulize swali moja tu: wangapi wameingia, na nani amefunga?